Muulize Fundi: Kijahazi kinaanza na kisu, mashine baadaye

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za jambo moja, modeli za vyombo vya baharini na vifaa vyake, na mimi jambo hili nalipenda toka utotoni kwa hiyo nimeomba ukurasa wote niziweke pamoja. Nyingine nimezifupisha kidogo mnisamehe.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga nna miaka 22, baba yangu alikuwa baharia wa jahazi na nataka niunde dogo lake tuliweke sebuleni. Nimeangalia video za Wazungu wana mashine kibao, msumeno wa mezani, mashine ya kupigia msasa, mpaka nikapiga hesabu nikakata tamaa. Nianze na nini hasa maana hela yenyewe ndogo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikate tamaa kabisa. Hizo mashine ni za mtu anayepasua mbao zake mwenyewe na kuunda vyombo vingi kwa mwaka, wewe unaunda kimoja cha babako. Nenda Pangani au kule Matondoni Lamu umwangalie fundi wa chombo kikubwa ana nini mkononi, tezo, msumeno, nyundo, patasi, randa na keekee, na keekee yenyewe ni upinde na kamba na mti wenye ncha ya chuma, alafu chombo kinashuka majini kinabeba mzigo. Wewe chukua kazi zilezile, kuchonga, kunyoosha, kutoboa na kubana, utafute kifaa kidogo cha kila kazi basi.

Cha kwanza kisu. Kama hela inatosha kitu kimoja tu nunua kisu. Zile kata za ofisini za plastiki zenye wembe wa kuvunja kipande kipande hazifai, wembe wake unacheza ndani na mkato unakwenda upande. Nenda duka la vifaa vya hospitali, omba mpini wa kisu cha upasuaji namba 3 na nyembe namba 11 ambazo zina ncha iliyochongoka, alafu chache za namba 15 zenye tumbo la mviringo za kuchongea sehemu zilizopinda, zote zinaingia kwenye mpini huohuo. Wembe ukianza kuvuta nyuzi za mbao badala ya kuzikata badilisha hapohapo maana mkato mbaya mmoja unakula saa nzima ya msasa, na zile zilizokwisha weka kwenye kopo lenye kifuniko.

Baada ya kisu rula ya chuma ya sentimita 30, ya plastiki kisu kinaila siku ya kwanza. Msasa namba 120, 240 na 400 unatosha, lakini usiushike kwa vidole, ugundishe kwenye vijiti vilivyonyooka kama vya aiskrimu, kidole ni laini kinafuata mabonde kwa hiyo unalainisha ubao lakini haunyooki, na hapa ndo wanaoanza wengi wanapoharibu ubavu wa chombo bila kujua kwa nini. Alafu vibanio vya nguo vya mbao, chukua dazeni mbili, nusu yake ukivifungua ukavigeuza pande bapa zitazamane utapata mdomo mrefu mwembamba unaofika mahali ambapo klampu ya dukani haifiki.

Kutoboa sasa. Kuna drili ndogo ya kuzungusha kwa vidole, biti zake ni za milimita 0.5 mpaka 1. Ukiikosa chukua sindano ya kushonea, ikate tundu lake kwa plaisi, sehemu iliyobaki ipachike kwenye kijiti kigumu, ncha uinoe pande mbili iwe bapa, inatoboa mbao laini vizuri tu (vaa miwani unapokata, chuma cha sindano kinaruka). Na spoki ya baiskeli ni milimita 2 hivi, igonge ncha juu ya chuma mpaka ilale bapa, inoe kwenye kinoo, hapo ushapata patasi ambayo hakuna duka linaiuza. Mimi ninazo tatu za hivyo na ndo nazishika kila siku.

Ila kabla hujakata chochote amua kipimo. Tuseme jahazi la baba lilikuwa mita 15, ukiligawa kwa 50 linakuwa sentimita 30, linakaa juu ya kabati vizuri. Basi kuanzia hapo kila kitu kigawe kwa 50. Ubao wa sentimita 5 unakuwa milimita 1. Baharia wa mita 1.7 anakuwa milimita 34. Kamba ya unene wa sentimita 3 inakuwa milimita 0.6, yaani uzi. Modeli nyingi ninazoziona zinauzwa zimechongwa kwa bidii kabisa lakini kamba zake ukizirudisha kwenye ukubwa wa kweli zinakuwa nene kama mguu wa mtu, na jicho linalitambua hilo hata la mtu asiyejua bahari, anaona tu kwamba hiki ni kitu cha kuchezea, hajui kwa nini. Kwa hiyo rula na kikokotoo ni vifaa vya karakana sawasawa na kisu.

Kitu kingine muulize babako mwenyewe mlingoti ulikaaje. Mlingoti wa jahazi haukusimama wima, unainamia omo, yaani mbele, kidogo, na wengi wanausimamisha kama nguzo ya bendera. Akukumbushe akiwa hai, andika kila anachosema.

SWALI: Asalaam alaikum fundi. Hapa Mombasa nimejaribu kuvisha mbao kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, za plaiwudi lakini zikifika kwa hanamu, ule mti wa omo pale mbele, zinavunjika kila mara. Natumia mvule wa mabaki ya fanicha. Nifanye nini na ninunue mbao gani?

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Kwanza mvule. Ni mbao ya heshima kwenye chombo kikubwa na kwenye milango, lakini kwa modeli ina matatizo mawili. Nyuzi zake zinapishana na matundu yake ni makubwa, ukikata kamba ya mbao, yaani ubao mwembamba kama utepe, ya milimita 1 basi tundu moja linakuwa kama shimo na hapohapo ndipo inapovunjika. Pili vumbi lake linawasha pua na ngozi, watu wengine linawapa pumu kabisa, kwa hiyo kama unapiga msasa mvule ndani ya chumba bila barakoa acha leo leo.

Tafuta mbao yenye nyuzi ndogo. Mimi kwa maoni yangu hazina iko kwenye miti ya matunda ambayo hakuna mtu anaihesabu kama mbao, mpera, mchungwa, mlimau. Mtu akikata mchungwa uliozeeka uani kwake mwombe gogo, lipake rangi au nta miisho yote miwili ili lisikauke haraka likapasuka, liweke kivulini mwaka mzima. Ndio, mwaka. Niliwahi kuuziwa mti na mtu akaniapia umekauka, nikautengeneza mkuku (uti wa chini wa chombo) na fashini (mti wa nyuma), nikavisha mbao zote, miezi mitatu baadaye mkuku ukajikunja na mbao za chini zikaachia upande mmoja, kazi ya majira mazima ya kusi ikaenda. Toka siku hiyo kila kipande napima uzito kwa mizani ya jikoni, naandika kwa penseli juu yake, napima tena kila wiki, kikiacha kupungua ndo kimekauka. Mizani hiyo ni ya kupimia unga tu lakini imeniokolea vyombo vingi.

Kuhusu kuvunjika, angalia nyuzi zinakwenda wapi. Zikikimbia urefu wote wa kamba itapinda, zikitoka ubavuni itavunjika hata ukiibembeleza vipi. Chagua zile nzuri, loweka kwenye maji ya moto dakika 20, alafu usiipinde kwenye chombo chenyewe. Chukua kopo la maziwa ya unga, zungushia kamba ya mbao ikiwa bado imelowa na juu yake pitisha pasi ya nguo taratibu, mvuke unaingia kwenye nyuzi na mbao inalegea kabisa inafuata kopo, angalia tu vidole maana mvuke unaunguza kuliko pasi yenyewe. Ikishapata umbo ibane pale mahali pake kwa vibanio bila gundi ilale mpaka kesho, kesho ndo unaitia gundi ikiwa kavu. Ukiigundisha mbichi ikikauka inasinyaa na unabaki na nyufa mwili mzima wa chombo.

Na nikwambie siri moja ya penseli. Chombo cha kweli kati ya ubao na ubao kina kalafati, ile pamba yenye mafuta. Kwenye modeli usihangaike kuingiza pamba, kabla ya kugundisha paka ubavu wa kila kamba kwa penseli ya 2B, ukimaliza kupiga msasa unaona mstari mwembamba mweusi kati ya mbao na mtu atadhani umekalafati kweli.

Za kushikilia mbao usitumie misumari, kwa kipimo hiki hakuna msumari mdogo kiasi hicho. Chukua kipande cha chuma bapa, toboa matundu ya milimita 2, 1.5 na 1, pasua mwanzi vijiti vyembamba uvivute kwenye tundu kubwa kwanza alafu dogo alafu dogo zaidi, utapata vijiti vya mviringo vya kupigilia. Mwanzi una nyuzi ndefu ndo maana unavumilia kuvutwa, mti wa kawaida unakatika.

SWALI: Fundi, supaglu au gundi nyeupe ya mbao?

JIBU: Nyeupe kwa mbao, supaglu kwa vitu vidogo na mafundo ya uzi tu. Nyeupe inakupa muda wa kurekebisha na ukikosea unailegeza kwa kitambaa cha maji moto, supaglu ikishika imeshika, inageuka ngumu kama kioo na inaacha alama ambayo rangi wala mafuta hayaingii. Na tafadhali sana usifute supaglu kwa pamba wala kuvaa glovu za pamba, inapokutana na pamba nyingi inapata moto ghafla inaweza kukuunguza kweli. Ikigandisha vidole usivivute, tumia asetoni ile ya kutolea rangi ya kucha.

SWALI: Habari fundi. Shangazi yangu anakuja Dar kutoka Marekani mwezi wa kumi na mbili, amesema ataniletea kile kimashine cha Dremel, cha mkononi cha kutobolea na kusagia, na kila ninachotaka cha modeli. Nimwambie alete nini?

JIBU: Nzuri, na umebahatika kuwa na shangazi wa hivyo. Mwambie asome maandishi madogo kwenye mashine kabla ya kulipa. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230 na majirani zetu Kenya 240, mashine ya waya ya kule ukiichomeka ukutani kwetu unaiunguza pale pale. Ya betri ni bora, lakini chaja yake lazima iwe imeandikwa 100 mpaka 240, chaja nyingine ni za 120 peke yake. Kama tayari kanunua ya waya tafuta transfoma ya kushusha umeme, soma wati za mashine na transfoma iwe angalau mara mbili ya hizo.

Ila kama ni mimi, kimashine ningekiacha cha mwisho. Kinazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, kwa mtu anayeanza kinakula mbao kabla jicho halijaona, na mbao ya milimita 1 haina pa kurudia. Ningemwomba vitu vidogo ambavyo huku madukani ni vya kuhangaikia: biti za milimita 0.3 mpaka 1 nyingi maana zinakatika, drili ya vidole yenye vishikio imara, vibano viwili vya chuma kimoja chenye ncha iliyonyooka na kingine iliyopinda, nyembe nyembamba za ule msumeno wa waya wa kukatia kona, na lenzi ya kuvaa kichwani yenye taa. Vyote hivyo havifiki kilo moja. Vyenye makali viende kwenye begi la kupakiwa, asivibebe mkononi, na rangi za mafuta na tina asithubutu, ndege haziruhusu vitu vinavyoshika moto.

SWALI: Fundi mimi ni mama mshonaji hapa Unguja. Mwanangu anaunda mashua ya mfano na mimi nimepewa kazi ya tanga na kamba. Nitumie kitambaa gani, na nishone kwa cherehani?

JIBU: Bi mkubwa hongera, hii barua imenifurahisha kuliko zote. Matanga zamani yalishonwa kwa merikani, nguo iliyopewa jina hilo kwa sababu ilikuja na meli za Wamarekani wa Salem karne ya 19, na hapo hapo Unguja ilikuwa bidhaa kubwa. Lakini merikani kwa modeli ni nene mno, nyuzi zake zinaonekana kama mkeka. Chukua melimeli au kitambaa cha mkononi cha zamani kilichofuliwa mpaka kikalainika.

Kwa cherehani, hesabu kwanza. Mshono wako mdogo kabisa tuseme ni milimita 1, kwa kipimo cha moja kwa 50 hiyo ni sentimita 5, hakuna mshona tanga anayepiga hatua kubwa hivyo. Kwa hiyo mishono ya kuunganishia vitambaa usiishone kabisa, ichore. Penseli ngumu iliyochongwa vizuri, mistari sambamba. Kama vitambaa vya tanga la kweli vilikuwa na upana wa sentimita 60 basi mistari yako iachane milimita 12. Pindo tu ndo lishone kwa mkono, na ndani ya pindo weka uzi uliopakwa nta maana tanga la kweli lina kamba pembeni yake, na uzi huo utakusaidia tanga lisimame na umbo la kushika upepo.

Rangi nyeupe pepe haifai, tanga limepigwa jua na chumvi. Wengi wanatumia chai, inatoa rangi nzuri lakini ina tindikali inayokula pamba pole pole, ukitaka kitu cha kudumu tumia rangi ya unga ya nguo, kahawia kidogo sana, ujaribu kwenye kipande kwanza.

Uzi wa kamba uvute kwenye donge la nta ya nyuki mara mbili tatu, manyoya yote yanalala. Usitumie uzi mmoja kwa kila kitu. Henza, kamba ya kupandishia, inabeba foromali (mti wa tanga) na tanga zima kwa hiyo ndo nene, demani, kamba ya kuvutia tanga, inafuata, nyingine nyembamba zaidi. Na foromali mwambie mwanao asiifanye mti mmoja ulionyooka kama kijiti cha mshikaki, kwenye vyombo vikubwa ni miti miwili au zaidi imefungwa kamba pale katikati inapopishana na miisho inakuwa myembamba, hayo mafungo ukiyafunga vizuri na mkono wa mshonaji ndo yatakuwa uzuri wa chombo chote. Gofia, yaani kapi za kupitishia kamba, atengeneze kwa mpingo, chakavu cha wachonga vinyago kinatosha gofia mia.

SWALI: Fundi salaam kutoka Sur, Oman. Huku tuna ghanja, aina ya jahazi kubwa, Fatah al-Khair iliyoundwa hapa 1951 na watoto wote wanaijua, lakini bibi yangu alitoka Lamu na mimi nataka kuunda mtepe, kile chombo cha zamani cha mbao zilizoshonwa. Mtepe haukuwa na misumari, nitaushona vipi kwa udogo huo?

JIBU: Alhamdulillah kwamba kuna mtu huko anaukumbuka mtepe. Hapa sasa kipimo cha 50 sikushauri, mshono utapotea kabisa, unda kwa moja kwa 20 hata kama unatengeneza kipande cha ubavu tu na siyo chombo kizima, mtepe ni mshono na mtu lazima auone.

Tundu ndo kazi yenyewe. Ukitoboa kwa kukadiria zitayumba, kwa hiyo kata kipande cha bati la kopo, toboa matundu matano kwa umbali sawa, ndo iwe kipimo chako unachokisogeza ubao mzima, tundu la mwisho linakuwa la kwanza. Usiyaweke karibu na ukingo mno, ubao utapasuka kufuata nyuzi zake. Toboa kabla hujapinda ubao. Uzi wa kitani ni bora kuliko wa pamba, usokote nyuzi mbili, upake nta, rangi ya kahawia ya makumbi maana wa kweli ulikuwa kamba ya nazi. Sindano haitapita, basi mwisho wa uzi sentimita 3 uguse supaglu kidogo sana ukauke, ukate kwa mshazari, wenyewe unakuwa sindano.

Tanga lake halikuwa la pembetatu, lilikuwa la pembe nne na lilisukwa kwa majani kama mkeka. Majani yapasue kwa ncha ya wembe namba 11 mpaka yawe kama uzi, loweka, suka ukiwa na subira. Ukija nyumbani pita Makumbusho ya Lamu, kuna modeli za vyombo vya pwani pale, chukua penseli na daftari ukae mbele yake uchore gubeti, ile shingo ya mbele kama ya ngamia, maana picha za simu hazikuonyeshi unene wa kitu.

SWALI: Fundi, nimemaliza jahazi langu. Nipake sifa kama wanavyopaka mafundi wa kweli?

JIBU: Sifa ni mafuta ya papa, nyumba yako itanuka mwaka mzima, kwa hiyo hapana. Juu ya mstari wa maji paka mafuta ya kitani mara mbili, nyembamba, uyafute baada ya robo saa. Chini ya mstari vyombo vyetu vinapakwa deheni, chokaa na shahamu, ndo maana chini vyeupe, basi wewe paka rangi nyeupe isiyong'aa, tia tone la kahawia ndani yake isiwe nyeupe ya hospitali. Vanishi ya kung'aa usiguse. Na vile vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye kona ya karakana, vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vilowekee kwenye maji au vianike nje kimoja kimoja mpaka viwe vikavu kabisa ndo utupe.